MVULANA NA KUNGURU: MAISHA YA MCHORAJI AKSELI GALLEN-KALLELA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Kibarani

  

Kila mwaka watu hupenda kuandika hapa maisha ya watu mashuhuri waliotangulia mbele ya haki, kama vile Mekatilili wa Menza au Shaaban Robert. Mimi mwaka huu nimemleta mtu wa mbali kidogo, mchoraji wa nchi ya Ufini, kaskazini kabisa mwa Ulaya, aliyeitwa Akseli Gallen-Kallela. Msifunge jarida kwanza! Mtu huyu kwao ni mashuhuri sana, na aliwahi kuishi hapa Kenya pamoja na mke na watoto wake. Lakini kilichonifanya nishike kalamu si safari yake ya Kenya. Ni picha moja aliyoichora akiwa kijana, picha ya mvulana na kunguru.

Niliiona katika kitabu kikuukuu, ndani ya katoni ya vitabu vya msaada. Wenzangu walikuwa wakigombania vitabu vya hadithi, mimi nikabaki na hicho ambacho hakuna aliyekitaka. Nikafungua, nikaona mtoto miguu mitupu, amesimama nyasini, anamtazama kunguru. Basi, hakuna kingine. Nilishangaa sana. Kumbe na huko Ulaya kuna watoto wa kutazama kunguru!

Maana hiyo ilikuwa kazi yangu mimi. Nilipokuwa na miaka sita au saba, hawe, yaani nyanya yangu, alikuwa akinipa fimbo na kuniketisha chini ya mkorosho nilinde vifaranga. Kunguru wa pwani mnamjua. Ukigeuza kichwa tu, kifaranga hayupo. Siku moja nilimtazama kunguru jinsi anavyotembea kama askari, kichwa upande, nikaanza kumchora mchangani kwa ncha ya fimbo. Nilipoinua macho, vifaranga wawili walikuwa wamekwenda. Kichapo nilichokipata siwezi kukieleza hapa. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu kuchora kukaitwa upuuzi, na mimi mwenyewe nikaamini kuwa ni upuuzi.

Sasa huyu mtu alifanya upuuzi ule ule, na picha yake imewekwa katika jumba la taifa lao. Nikasema lazima nimjue ni nani.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1865 katika mji wa Pori, magharibi mwa Ufini. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Axel Waldemar Gallén. Baba yake, Peter Gallén, alikuwa mwanasheria na mkuu wa polisi. Mama yake aliitwa Mathilda. Mtoto Axel alikulia mashambani, mahali paitwapo Tyrvää, kati ya misitu, maji na watu wa jembe.

Hapa inafaa nieleze kidogo habari za nchi hiyo. Wakati ule Ufini haikuwa huru. Ilitawaliwa na Uswidi kwa karne nyingi, halafu tangu mwaka wa 1809 ikawa chini ya mfalme wa Urusi. Wenye elimu na vyeo wengi walizungumza Kiswidi. Kifini kilikuwa lugha ya wakulima, wavuvi na watumishi. Nyumbani kwa akina Axel walizungumza Kiswidi, lakini ukitoka nje ya ua ulikutana na Kifini. Sisi wa Chama cha Kiswahili hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tunajua lugha ya ofisini ni nini na lugha ya nyumbani ni nini.

Axel alipenda kuchora tangu utotoni, lakini wapi! Baba hakutaka kabisa kusikia habari ya mwana kuwa mchoraji. Alipofika miaka 11 alipelekwa Helsinki asome shule ya maana, ili baadaye apate kazi ya maana. Nadhani wengi wetu tunaijua lugha hiyo. Mwaka wa 1879 baba akafariki dunia. Miaka miwili baadaye, 1881, Axel akaingia shule ya kuchora ya Chama cha Sanaa cha Ufini. Alikuwa na miaka 16 hivi, sawa na mimi ninayeandika.

Ili tuelewe picha ya kunguru, lazima tujue picha za wakati ule zilikuwa zipi. Zamani wachoraji wakubwa wa Ulaya walichora wafalme, vita na habari za dini. Katika karne ya 19 wengi wakageukia maisha ya kila siku ya watu wa kawaida: mama akipika, mzee akishona wavu, watoto wakichunga mifugo. Watoto walipendwa sana katika picha hizo, hasa wakiwa nje penye miti na maua. Ila kulikuwa na ubaya mmoja. Mara nyingi walirembwa. Mtoto wa maskini alipakwa mashavu mekundu, akafanywa atabasamu, akapewa ua mkononi, ili tajiri atakayeitundika picha sebuleni asisumbuke moyo. Njaa haionekani, uchovu hauonekani. Hata matope yenyewe ni masafi.

Huko Ufaransa akatokea mchoraji aitwaye Jules Bastien-Lepage. Yeye aliwachora wakulima na watoto wa mashambani jinsi walivyo, kwenye mwanga wa mchana, na nguo zao zilizochakaa. Alikufa mwaka wa 1884 akiwa na miaka 36 tu, lakini vijana wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha kumfuata. Mmoja wao ni Axel.

Mwaka huo huo wa 1884, Axel akiwa na miaka 19, alichora Mvulana na Kunguru. Si picha kubwa, haifiki mita moja kwenda juu. Siku hizi imo katika jumba la sanaa la Ateneum, Helsinki. Nyasi na udongo vimejaa karibu picha nzima. Ni kana kwamba wewe umesimama mahali palipoinuka kidogo, unamtazama mtoto, naye anamtazama ndege. Mtoto hakuangalii wewe. Hana habari na wewe. Hatabasamu ili umpende. Nguo zake ni nguo za kijijini, na miguu yake imezoea kukanyaga chini. Ana shughuli yake na kunguru, na mchoraji amemwacha aendelee na shughuli yake.

Nilikaa na picha hiyo kipindi kizima cha mapumziko. Kunguru wa kwao ana mwili wa kijivu na kichwa cheusi. Anafanana kidogo na hawa wetu wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi, wakaletwa Unguja miaka ya 1890 na baadaye wakaenea pwani yote. Je, yule mvulana anataka kumkamata, kumfukuza, au anamtazama tu? Picha haisemi. Mimi niliyekaa chini ya mkorosho nafikiri anamtazama tu. Ukipewa kazi ya kumlinda adui kila siku, mwishowe unamjua kuliko rafiki.

Baada ya picha hiyo Axel alikwenda Paris kusoma katika shule ya Académie Julian. Huko aliona mambo makubwa, lakini alipochora aliendelea kurudi kwa watu wa kwao. Mwaka wa 1885 alichora bibi kizee maskini na paka, bila kumremba hata kidogo. Mwaka wa 1889 akamaliza picha iitwayo Somo la Kwanza, ambamo mzee anamfundisha msichana mdogo kusoma, ndani ya nyumba ya magogo. Hapana dawati wala ubao, ni mtu mzima na mtoto tu. Hiyo ndiyo ninayoipenda ya pili.

Mwaka wa 1890 alimwoa Mary Slöör, na mwaka uliofuata wakapata binti, wakamwita Impi Marjatta. Siku hizo Axel alikuwa ameshika jambo lingine kwa nguvu, nalo ni Kalevala. Huu ni utenzi mkubwa wa Wafini, uliokusanywa na daktari Elias Lönnrot kutoka kwa waimbaji wa vijijini na kuchapishwa mwaka wa 1835. Kwa watu waliotawaliwa, utenzi huo wa lugha yao ulikuwa si mchezo. Axel akaanza kuuchora. Akajenga nyumba kubwa ya magogo msituni, huko Ruovesi, akaiita Kalela, awe na mahali pa kazi pamoja na familia.

Ndipo msiba ukaingia. Mwaka wa 1895 alikwenda Berlin, Ujerumani, kuonyesha picha zake pamoja na Edvard Munch, mchoraji maarufu wa Norwe. Kwa mchoraji hiyo ilikuwa bahati kubwa. Akiwa huko akapata habari kwamba Marjatta ameugua dondakoo na amekufa. Alikuwa mtoto mdogo bado.

Dondakoo sisi hatulijui vizuri, na tuna sababu ya kushukuru. Ni ugonjwa wa bakteria unaoota utando kooni mpaka mtoto anashindwa kupumua. Dawa ya kupambana na sumu yake ndiyo kwanza ilikuwa imegunduliwa na Emil von Behring na mwenzake Kitasato mwaka wa 1890, na Behring alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka wa 1901. Chanjo ilikuja baadaye. Siku hizi mtoto wa Kenya hudungwa sindano ya chanjo hiyo kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mimi mwenyewe nimewahi kumshika mdogo wangu wakati anadungwa. Alilia mpaka akanitia aibu mbele ya watu. Sasa nikikumbuka kile kilio nafurahi.

Baada ya Marjatta, picha za Axel zilibadilika. Mistari ikawa migumu na rangi zikawa kali. Mwaka wa 1897 alichora Mama wa Lemminkäinen. Katika utenzi, Lemminkäinen ni kijana aliyeuawa na kutupwa mtoni. Mama yake akavua vipande vya mwanawe kwa reki, akaviunganisha, kisha akamtuma nyuki akalete asali ya kumfufulia. Katika picha, maiti imelala ukingoni penye mawe, mama amekaa kando yake ameinua macho, anamngoja nyuki. Kwa sura ya mama huyo, Axel alimtumia mama yake mzazi. Katika utenzi nyuki anarudi na kijana anafufuka. Lakini katika picha bado hajafufuka. Mchoraji alichagua wakati ule wa kungoja. Aliyefiwa na mtoto ndiye anayeujua wakati huo ulivyo.

Mwaka wa 1900 jina lake likapaa kwenye Maonyesho ya Dunia huko Paris, kwa kuwa alichora dari la jengo la Ufini. Nchi isiyo huru ikasimama mbele ya ulimwengu na hadithi zake yenyewe.

Kisha ikaja kazi nyingine, nami nikiifikiria naona ilikuwa nzito kuliko zote. Katika mji wa Pori, alikozaliwa, kulikuwa na tajiri aitwaye F. A. Jusélius. Binti yake Sigrid alifariki mwaka wa 1898 akiwa na miaka 11. Baba akamjengea jumba la kaburi, akamwomba Axel achore kutani. Kazi ilichukua miaka ya 1901 hadi 1903. Axel alichora maisha na kifo, na majira ya mwaka jinsi yanavyofuatana. Fikiria, ndugu msomaji. Mtu aliyemzika bintiye anapanda ngazi kila siku kupamba kaburi la binti wa mwenzake. Mimi sidhani alimchora Sigrid peke yake.

Mwaka wa 1907 alibadilisha jina rasmi. Akaacha Axel Gallén, jina la Kiswidi, akawa Akseli Gallen-Kallela. Alikuwa na miaka 42. Lugha ya watoto aliowaona utotoni Tyrvää ikaingia kwenye jina lake.

Na sasa tufike Kenya. Mwaka wa 1909 Akseli, mkewe Mary, binti yao Kirsti na mwana wao Jorma walisafiri mpaka huku kwetu, wakaishi Nairobi na kuzunguka na mahema. Wakati huo Kenya iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki na ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Nairobi yenyewe ilikuwa changa, maana reli iliyotoka Mombasa ilifika pale mwaka wa 1899. Kwetu Kilifi ilikuwa miaka minne tu kabla ya Mekatilili kuwaamsha Wagiriama mwaka wa 1913. Akseli aliwinda, akakusanya vyombo na mapambo ya watu wa huku, akachora. Alichora zaidi ya picha 150. Nyanda, milima, wanyama na watu, kwa rangi kali, kwa sababu jua la aina hii kwao halipo.

Hapo ndipo nilipokuwa na hamu zaidi, nami nitasema kweli nilivyoona. Picha chache za Kenya nilizoziona ni nzuri, zinang'aa. Lakini hazikunishika kama ile ya mvulana. Nimejiuliza kwa nini, na jibu nililolipata ni hili. Huku alikuwa mgeni. Aliona jua letu haraka, kama abiria anavyoona miti kwenye dirisha la basi. Yule mvulana wa nyasini alikuwa mtoto wa namna aliyoijua tangu hajui kusoma. Alijua mvulana wa aina ile anawaza nini akisimama kimya, naye mwenyewe alikuwa amesimama hivyo. Nafikiri hata yeye alilifahamu jambo hilo, maana baada ya miaka kama miwili alirudi Ufini, baada ya kuona kwamba kazi yake kubwa iko kwao.

Aliporudi alijenga nyumba nyingine, Tarvaspää, karibu na Helsinki. Tangu mwaka wa 1961 nyumba hiyo ni makumbusho yake. Ufini ilijitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917, na yeye akapewa kazi ya kubuni nishani na sare za nchi mpya. Kati ya 1923 na 1926 alikuwa Marekani. Tarehe 7 Machi 1931, akiwa njiani kurudi nyumbani kutoka Copenhagen alikokwenda kutoa mhadhara, alifariki kwa ugonjwa wa nimonia mjini Stockholm. Alikuwa na miaka 65.

Kuna jambo moja la mwisho. Zile picha za kaburi la Sigrid zilikuwa zimeharibiwa na unyevu, na mwaka huo huo wa 1931 jengo likaungua. Mwanawe Jorma, yule aliyekuja Kenya akiwa mtoto, naye alikuwa mchoraji. Akazichora upya, akifuata alivyochora baba yake, kuanzia 1933 mpaka 1939. Umoja wa Kisovyeti ulipoivamia Ufini, Jorma akauawa vitani, Desemba 1939. Kwa hiyo mtu akiingia leo mle kaburini anaona kazi ya baba iliyofanywa kwa mkono wa mwana.

Wanachama wenzangu, mimi si mtaalamu wa sanaa, ni mtoto wa Kibarani. Lakini nimejifunza kwamba mtoto maskini anayetazama ndege anastahili kutazamwa vizuri, bila kurembwa na bila kudharauliwa. Mzungu alikuja akachora jua letu akaenda zake, na hatumlaumu, alichora alichoweza kukiona. Mtoto wa hapa aliyeko chini ya mkorosho nani atamchora, kama si sisi tuliokaa pale? Na nani atamwandika kwa Kiswahili kama si sisi wa chama hiki? Mgeni hajui kifaranga ana thamani gani kwa hawe.

Likizo iliyopita nilichukua daftari nikamchora mdogo wangu, yule aliyelia kliniki. Sasa zamu ya fimbo ni yake. Nilimchora amechuchumaa, anamtazama kunguru juu ya ua wa makuti. Miguu ilinishinda, nikaifuta mara nne. Hawe akatokea nyuma yangu. Sikuwa na pa kukimbilia. Kitu cha kwanza alichouliza ni vifaranga wako wangapi. Tukawahesabu wote watatu, tukapata tisa, wametimia. Ndipo akachukua daftari, akalisogeza mbali na macho yake vile wanavyofanya wazee, akaitazama picha muda mrefu. Mwishowe akasema kunguru nimempatia, ila mtoto nimemnyima masikio.

Niliyaongeza jioni hiyo hiyo. Kwa haya machache naweka kalamu chini.